Binti yangu anaitwa Mujinga na darasa zima linamcheka. Je, tuliondoe jina hilo?

BARUA

Mshauri mpendwa,

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, baada ya kukaa na jambo hili moyoni tangu masomo yalipofunguliwa mwezi wa tisa. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Niliolewa huku miaka 14 iliyopita na mwanaume Muluba wa Kasai, na Mungu ametujalia watoto watatu. Wa kwanza ni msichana wa miaka 12, yuko darasa la sita, na mwisho wa mwaka huu wa masomo atafanya mtihani wa taifa. Alipozaliwa, kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa karibu nami usiku ule, hakungoja hata mume wangu afike. Alisema papo hapo kwamba mtoto amekuja na jina lake mwenyewe, na jina hilo ni Mujinga. Nilikuwa nimechoka sana, sikujibu kitu. Baadaye tulimbatiza Gracia, na nyumbani sote tumezoea kumwita hivyo.

Miaka mitano ya kwanza haikuwa na shida kubwa, kwa kuwa walimu wake walimwita kwa jina la ubatizo. Mwaka huu mwalimu ni mpya, naye huita majina kama yalivyoandikwa katika daftari la shule. Siku ya kwanza, alipofika kwenye jina la mwanangu alisita, akainua macho, akauliza mbele ya watoto wote ni nani aliyempa mtoto jina la namna hiyo. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akacheka pamoja nao. Tangu siku hiyo, wakati wa mapumziko wenzake humuuliza mbili na mbili ni ngapi. Akikosea swali, kuna mvulana mmoja ambaye husema, «Si imeandikwa?» Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono sasa hanyooshi tena, hata pale anapolijua jibu, na haya ameniambia mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikuwa nikipanga vitu vyake mezani nikaona daftari lake la hesabu. Juu ya jalada, mahali palipoandikwa majina yake, alikuwa amefuta jina moja kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka. Gracia limebaki, na kando yake pana tundu. Nilipomuuliza alilia, akaniambia: «Mama, miye siko mujinga. Juu ya nini muliniita vile?» Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilipolileta jambo hili kwa mume wangu, aliacha bukari mezani akasimama. Alisema kwamba jina lililotoka kinywani mwa mama yake haliguswi. Yeye alikuwa na miaka 10 familia yao ilipofukuzwa Likasi mwaka 1992 pamoja na watu wengine wa Kasai, wakalala kituoni wakingoja treni, na anakumbuka wakubwa wakiwaonya watoto wasiyataje majina yao mbele ya wasiowajua. Anasema hatalificha tena jina la nyumbani kwao kwa sababu ya vicheko vya watoto. Ninamwelewa. Lakini si yeye anayekaa katika darasa lile kila asubuhi.

Nimetafuta pia kwenye simu. Ukurasa mmoja unasema kwamba mwenye jina hilo ana namba 3, ni mchangamfu, anapenda kusema na kusifiwa. Binti yangu ni mkimya tangu utoto. Ukurasa wa pili umelitafsiri kuwa ni mpumbavu, basi. Wa tatu unasema ni jina adimu sana duniani, na mimi katika avenyu yetu peke yake ninawajua wanawake watatu wanaoitwa hivyo. Sijui niamini lipi.

Naomba unisaidie. Je, jina hili lina maana nzuri kweli, au ni wazee wanatufariji? Je, jina linaweza kubadilisha tabia ya mtoto? Na je, tunaweza kuliondoa kabla orodha za mtihani hazijapelekwa? Mama mkwe wangu yuko hai, anaishi katika komini ya Kenya, na ninaogopa kumvunja moyo.

Ni mimi, Mama Gracia, Katuba

JIBU

Mama,

Nitaanza na jibu lenyewe kisha nilifafanue, kwa sababu najua mzazi anayeona mtoto wake analia hana subira ya maelezo marefu. Jina la binti yako si tusi, wazee hawakuwafariji, na sishauri mliondoe kwenye karatasi zake. Lakini mtoto anaumizwa kweli, na kumweleza maana nzuri ya jina lake hakutamaliza maumivu hayo ikiwa mwalimu ataendelea kucheka. Kazi iko nyumbani na iko shuleni, na kote kuwili ni kazi yenu wazazi, si ya mtoto.

Waluba wana majina ambayo mzazi hayachagui. Mapacha wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga, hata kama baba alikuwa amekwisha kuandaa majina mengine, na tangu siku hiyo baba mwenyewe huitwa Shambuyi na mama huitwa Mwambuyi. Kwa Waluba wa Katanga mapacha ni Kyungu na Kabange. Mtoto anayefika kitovu kikiwa kimemzunguka ni Mujinga. Majina ya namna hii hayasemi mzazi anatamani mtoto awe nani. Yanasema mtoto alifika vipi. Kwa hiyo mama mkwe wako aliposema kwamba mtoto amekuja na jina lake, hakuwa akipamba maneno, na wala hakukunyang'anya haki yako ya kuchagua. Alisoma kilichokuwa mbele ya macho yake, kama vile mtu anavyosoma kilichoandikwa.

Sasa tulitazame neno lenyewe, kwa maana hapa ndipo kosa la darasa zima lilipo. Tshiluba, lugha ya Waluba wa Kasai, na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja, na mahali pengi ambapo Kiswahili husema «zi», Tshiluba husema «ji». Sisi tunazima moto, wao husema kujima. Sisi tunazika marehemu, wao husema kujiika. Ukiifuata njia hiyo hiyo, «jinga» iliyo ndani ya jina la binti yako ndugu yake katika Kiswahili ni «zinga», yaani kuzunguka, kuviringa, na kutokana nalo tumepata kuzingira, mzingo na mazingira. Kamba ya kitovu ilimzinga shingoni, naye akaitwa aliyezingwa. Hakuna upumbavu wowote ndani yake. Mwalimu aliyecheka alisikia sauti ya Kiswahili ndani ya neno la lugha nyingine, kisha akalitafsiri kwa pupa, na ukurasa ule wa simu ulioandika «mpumbavu» ulifanya kosa lile lile.

Kiswahili chetu cha Lubumbashi kimezidisha mkanganyo huu. Watu wa pwani husema mjinga, bila irabu kati ya m na j, na sikio lao lingeweza kusikia tofauti. Sisi husema muntu, mutoto, mujinga, na hivyo tusi la kwetu na jina la Kasai vimekuwa sauti moja kabisa. Navyo vilikutana hapa hapa. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji wafanyakazi wengi, na reli iliyoiunganisha Katanga na Kasai hadi Ilebo mwaka 1928 iliwaleta wanaume, kisha wake zao, kisha watoto. Walikuja na majina yao katika makambi ambako lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Mabibi wengi walioitwa jina hili waliishi katika makambi hayo, wakalea, wakazeeka, wakazikwa nalo. Wanawake watatu unaowajua katika avenyu yenu wamelipokea kutoka kwa mila hiyo hiyo. Ningependa uwatafute hao watatu. Waulize walivyojibu walipokuwa na miaka 12. Watakuwa na majibu ambayo mimi siwezi kukupa.

Hata neno mjinga katika Kiswahili halikuwa kali siku zote kama linavyotumika leo uwanjani pa shule. Zamani za misafara ya biashara, watu wa pwani walimwita mjinga mgeni aliyefika karibuni na asiyejua bado desturi za mji. Na methali bado inasema kuuliza si ujinga, yaani kutojua si aibu kwa mtu anayetaka kujua. Sisemi haya ili binti yako alikubali tusi. Ninayasema kwa ajili ya mwalimu, kwa maana mwalimu aliyelikuta jina asilolijua alikuwa na njia iliyo wazi mbele yake, nayo ni kuuliza, tena kumuuliza mzazi na si darasa.

Fikiri pia juu ya majina ambayo kweli yana maana nzito katika Kiswahili chenyewe. Watoto wangapi wa mashariki ya nchi yetu wanaitwa Shida, Tabu au Matata kwa sababu ya hali iliyokuwapo walipozaliwa? Augustin Matata Ponyo alikuwa waziri mkuu wa nchi hii kuanzia 2012 hadi 2016, na nchi nzima ilimlia mwanamuziki Tabu Ley alipofariki mwaka 2013. Wewe umekulia Bukavu, unajua kwamba mtoto anayeitwa Shida huitwa tu, anaitika, na michezo inaendelea. Kwa hiyo kicheko hakitoki katika maana ya jina. Kinatoka katika ruhusa ambayo mkubwa aliitoa siku ya kwanza.

Kuhusu kurasa za simu, ngoja nikuonyeshe jinsi namba ile inavyopatikana, ili isikusumbue tena. Herufi A hupewa 1, B hupewa 2, hivyo hivyo hadi I yenye 9, kisha J huanza tena na 1. Jina la binti yako ni 4, 3, 1, 9, 5, 7 na 1, jumla 30, na tatu ukiijumlisha na sifuri ni 3. Basi ni hilo tu. Hawakumtazama mtoto, walihesabu herufi. Sasa chukua malkia wa Angola ambaye jina lake limetoka katika shina hili hili. Wengine huandika Njinga na wengine Nzinga. Ukihesabu Njinga unapata 28, ambayo huishia kwenye 1. Ukihesabu Nzinga unapata 35, ambayo huishia kwenye 8. Mwanamke ni mmoja, na tabia zimekuwa mbili kwa sababu ya kalamu ya mwandishi.

Huyo malkia ninataka umsimulie binti yako, maana habari yake inamhusu kwa karibu. Aliishi katika karne ya 16 na ya 17, akazitawala Ndongo na Matamba, akafa mwaka 1663 akiwa na umri wa miaka kama 80. Masimulizi ya kwao yanasema alizaliwa kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni, na kwamba jina lake limetoka katika neno la Kimbundu kujinga, kuzungusha. Watu wa kwao waliona katika kuzaliwa huko dalili ya mtoto atakayekuwa na fahari na nguvu. Mwaka 1622 alitumwa Luanda kujadiliana na gavana wa Wareno. Gavana alikuwa ameketi kitini, naye akatandikiwa mkeka chini. Hakukaa kwenye mkeka. Aliashiria mtumishi wake mmoja ainame, akaketi juu ya mgongo wake, wakazungumza macho kwa macho. Katika safari hiyo hiyo alibatizwa akapewa jina la Ana de Sousa. Yeye pia, kama binti yako, alikuwa na jina la kitovu na jina la ubatizo, na leo ni lile la kitovu ambalo watu wa Angola wanalikumbuka.

Hata hivyo, tafadhali usimwambie mtoto kwamba kwa kuwa anaitwa hivyo basi sharti awe shujaa. Huo nao ungekuwa mzigo, na binti mkimya ana haki ya kubaki mkimya. Umeuliza kama jina linabadilisha tabia. Nilifundisha darasa la sita kwa miaka mingi, na nilichokiona ni kwamba mtoto habadilishwi na herufi za jina lake, bali na sauti ya wale wanaomwita. Binti yako hakuwa na hofu ya kunyoosha mkono kwa miaka mitano, naye alikuwa na jina hili hili. Hofu ilianza siku moja inayojulikana, katika chumba kinachojulikana, kwa kinywa kinachojulikana. Hilo linasikitisha, lakini lina tumaini ndani yake, kwa sababu jambo ambalo mwanzo wake unajulikana linaweza kushughulikiwa.

Kuhusu uadimu wa jina, kurasa hizo kwa kawaida hutegemea nchi kama Ufaransa na Marekani, ambazo hutangaza hesabu za majina ya kwanza ya watoto. Haziwahesabu watoto wa Katuba wala wa Mbujimayi, na kwetu jina hili mara nyingi halikuandikwa mahali pa jina la ubatizo hata kidogo. Ukitaka kujua kwa nini ni la kawaida sana kati ya Waluba, muulize mkunga yeyote. Kitovu humzunguka shingoni mtoto 1 hadi 3 katika kila watoto 10 wanaozaliwa, na wengi wao hawapatwi na madhara yoyote. Mkunga hupitisha vidole chini ya kamba, huivusha juu ya kichwa, na mtoto hulia kama wengine. Jina linalotokana na jambo linalotukia mara nyingi hivyo haliwezi kuwa adimu, na halina msimu kama majina tunayoyachukua kutoka katika filamu. Nalo limesafiri mbali. Mujinga Kambundji, aliyezaliwa Bern mwaka 1992 na baba Mkongomani, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 60 za ukumbini huko Belgrade mwaka 2022 kwa sekunde 6.96, na mwaka huo huo akawa bingwa wa Ulaya wa mita 200 mjini Munich. Jirani na kwenu Bukavu, mjini Goma, ndiko alikozaliwa mwaka 1989 msanii Sandra Mujinga, aliyepata tuzo kubwa ya sanaa mjini Berlin mwaka 2021. Mtafutie binti yako mbio za Belgrade kwenye simu hiyo hiyo iliyokuhuzunisha. Jina linatangazwa mbele ya ukumbi mzima, na hakuna anayecheka.

Sasa niruhusu nikuambie jambo ambalo huenda likakuuma kidogo, nami ninalisema kwa heshima. Nimeisoma barua yako mara tatu. Ndani yake jina la binti yako, kama jina, umeliandika mara moja tu, pale lilipotoka kinywani mwa mama mkwe wako. Baada ya hapo ni «jina hilo», na «jina moja». Mwishoni umetia sahihi kwa jina la Mama Gracia. Sikulaumu. Umekulia katika Kiswahili, na neno hilo lilipokufikia usiku ule lilikuumiza masikio kabla hujaambiwa maana yake. Lakini mtoto husikia pia yale yasiyosemwa. Kama jina halitamkwi nyumbani na linatamkwa shuleni kwa kicheko tu, ataamini kwamba shule ndiyo inayosema kweli. Anza kulitamka. Usilitamke siku za kumkaripia, bali siku za kumtuma dukani, za kumsuka nywele, za kumsifu kwa chakula alichopika vizuri. Gracia libaki vilevile, wala hakuna haja ya kuchagua kati ya hayo mawili.

Shuleni nendeni wote wawili, wewe na mume wako, baada ya masomo, watoto wakiwa wameondoka. Msiende kwa ugomvi. Mwelezeni mwalimu asili ya jina kama nilivyoeleza hapa, pamoja na zima na kujima, zika na kujiika, kwa sababu mwalimu akipewa kitu cha kufundisha hupata njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Kisha mwombeni mambo mawili yaliyo wazi: kwamba alieleze darasa zima jambo hili katika somo, akizungumzia majina ya watoto wengi na si la binti yenu peke yake, na kwamba asiruhusu tena mtu ajibu kosa la mtoto kwa kutaja jina lake. Siku nilipowauliza wanafunzi wangu kila mmoja alete maana ya jina lake kutoka nyumbani, nilipata Mubemba, Musanga, Mulunda na Muluba wakisikilizana kimya kwa saa nzima, maana kila mmoja alikuwa akingojea zamu yake. Mwalimu akikataa kabisa, mwendeeni mkurugenzi wa shule, na baada yake komite ya wazazi. Kumdhalilisha mtoto mbele ya wenzake si sehemu ya kazi ya ualimu.

Kwa upande wa sheria nitasema kwa ufupi. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema katika kifungu cha 58 kwamba majina yachukuliwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na yasiwe ya kutukana wala ya kudhalilisha. Kifungu cha 64 kinakataza mtu kubadilisha jina lake, au hata maandishi na mpangilio wake, isipokuwa mahakama imeruhusu kwa sababu ya haki. Kwa hiyo mlango upo, ila haufunguliwi kwa kumwomba mwalimu afute jina katika orodha. Tafadhali msifanye hivyo kabla ya mtihani. Cheti cha shule kisicholingana na kitendo cha kuzaliwa, yaani hati ya kuzaliwa iliyoko etasivili, ofisi ya kuandikisha vizazi, humfuata mtoto miaka mingi, kuanzia sekondari hadi anapotafuta pasipoti. Chukueni kitendo hicho, mlinganishe herufi kwa herufi na kile kilichoandikwa shuleni, na kama kuna kosa lisahihishwe sasa. Binti yako atakapofikisha miaka 18 anaweza kwenda mahakamani mwenyewe akiona inafaa, na uamuzi huo utakuwa wake. Nimeona ajabu ya nyakati katika nchi hii: mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipoyapiga marufuku majina ya Kikristo, Gracia ndilo lingefichwa na jina la bibi ndilo lingeandikwa.

Mume wako usimshinde kwa hoja. Mtoto wa miaka 10 aliyeambiwa kituoni Likasi asiseme jina lake hawezi kusikia «tuliondoe» bila kurudi pale kituoni. Mwonyeshe daftari. Usiseme neno, mpe tu alishike, aone lile tundu. Naamini ataelewa kwamba wewe hukutaka kulificha jina la kwao, na kwamba aliyeanza kulificha ni binti yake, kwa kifutio, peke yake, kwa kuwa hakuna aliyempa neno la kujibu.

Kisha Jumapili hii nendeni wote watatu hadi Kenya kwa mama mkwe wako. Usiende kumlalamikia, na usiogope kumvunja moyo, maana hamwendi kulirudisha jina lake. Mwombeni asimulie usiku ule tangu mwanzo: ni nani alikuwapo, kitovu kilizunguka mara ngapi, mtoto alichukua muda gani kulia. Wabibi hawayasahau mambo hayo. Mwacheni asimulie kwa Tshiluba, polepole, naye mume wako amtafsirie binti yake sentensi kwa sentensi. Wewe kaa kando ya mtoto usikilize pamoja naye, kwa maana usiku ule ulikuwa umechoka, na yako mengi ambayo hukuyasikia.